Deni Letu kwa Wakulima wa Uluguru

Kizazi cha mabwana shamba na mabibi shamba waliosomea Morogoro katika miaka ya 1970 kinamalizika. Wengi wametangulia mbele ya haki. Sisi tuliobaki tuko majumbani, tunapalilia migomba yetu na kuhesabu wenzetu. Kabla hatujaisha wote, nina neno la kuwaachia wajukuu zetu wanaosoma kilimo leo, pamoja na chuo chenyewe, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho kila mtu hukiita SUA.

Neno hilo ni hili: chuo kikuu hupata heshima kijijini kwa kurudi. Kufika ni jambo la kila mtu. Mnunuzi wa mazao hufika, mgombea hufika, mtafiti mwenye dodoso hufika. Anayekumbukwa ni yule aliyelichukua swali la mkulima, akalifanyia kazi, kisha akapanda tena mlima kuleta jibu, hata kama jibu lenyewe halikuwa zuri.

Anayetaka kujua kwa nini nasema hivi na aanze na milima ya Uluguru, inayosimama nyuma ya chuo chetu. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliona jinsi udongo wa milima ile unavyomomonyoka, nayo ikaandaa mpango wa matumizi ya ardhi. Wataalamu wake walikuwa na hoja ya kweli: mteremko ni mkali, mvua ni nyingi, na maji ya mto Ruvu yanatoka huko. Dawa waliyoichagua ilikuwa matuta ya ngazi, na njia waliyoichagua ilikuwa amri. Waluguru wakalazimishwa kuyachimba.

Kinamama waliokuwa wakishika jembe kila siku walijua jambo ambalo ofisini halikupewa uzito. Sehemu nyingi za mlima ule zina tabaka jembamba tu la udongo wenye rutuba. Ukichimba ngazi kwa pupa, unafukia udongo mweusi na kuuweka juu ule mwekundu wa chini, ambao mahindi hayaupendi. Watu walitoka jasho kujenga mashamba yaliyowapa mavuno haba kuliko zamani. Mwaka 1955 hasira ikalipuka Matombo. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, na haukupita muda mrefu mpango ule ukaachwa.

Lakini nendeni upande wa pili, Mgeta, kwenye milima hiyohiyo, mkaone. Kule matuta yalikubalika na yamedumu. Wakulima wa Mgeta walikuwa wakilima mboga za kuuza mjini, walikuwa na maji ya mifereji, na tuta lilikuwa linawalipa jasho lao kila msimu. Utaalamu ulikuwa uleule. Mgeta mkulima aliona faida yake kwa macho yake mwenyewe, na Matombo aliambiwa tu kwamba faida ipo.

Kisa hicho kilitutangulia kila tulikokwenda. Tulipoanza kazi miaka ishirini hivi baadaye, bado walikuwapo wazee ambao mtu wa serikali akitaja matuta walinyamaza na kutazama pembeni. Hawakuwa wajinga wala wakaidi kama baadhi ya ripoti zilivyowaandika. Walikuwa na kumbukumbu.

Sisi wenyewe tulikuwa watoto wa maazimio. Azimio la Arusha la 1967 lilitukuta shuleni. Mwaka 1972 chama cha TANU kilitoa Azimio la Iringa, Siasa ni Kilimo. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, lililotaka kijana akimaliza sekondari afanye kazi kwanza ndipo aombe nafasi ya chuo kikuu. Siku hizi watu hulitaja azimio lile kwa masikitiko, na ni kweli liliwachelewesha vijana wengi wenye akili. Lakini kwenye kilimo lilituachia zawadi moja. Wengi wa tulioingia Morogoro, palipokuwa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tulikwisha kulala kwenye nyumba za vijijini, tumekwisha kutembea kwa miguu kutoka kitongoji hadi kitongoji, na tumekwisha kuulizwa maswali yaliyotushinda. Tuliingia darasani na maswali ya watu wengine vichwani, na mwalimu alipofundisha magonjwa ya mihogo, tulikuwa tukiona shamba la mtu fulani na mlango wa nyumba yake.

Zama zile zilikuwa na mazuri yake, nami nayatetea. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa redio, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu walikaa kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaamua wenyewe la kufanya kabla ya kutawanyika: kuchimba choo, kufyeka mazalia ya mbu, kupanda mboga karibu na nyumba. Hadi leo sijaona njia bora zaidi ya kuwafundisha watu wazima. Elimu ilikuja kwa Kiswahili, ikapita katika mazungumzo, ikaishia mikononi.

Zama hizohizo zilikuwa na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na zilikuwa na Operesheni Vijiji, iliyohamisha mamilioni ya watu, wengi wao kwa nguvu. Bwana shamba alitakiwa afundishe, na wakati huohuo ahakikishe kila kaya inatimiza ekari zilizoagizwa na sheria ndogo. Kazi hizo mbili hazikai pamoja. Mtu anayeweza kukutoza faini humwambii ukweli kuhusu shamba lako. Unamwonyesha kona iliyopaliliwa vizuri, unamkaribisha maji ya kunywa, na unamsindikiza mapema.

Ndipo ukaja mwaka 1984. Tarehe 12 Aprili Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari katika mkoa wetu huuhuu wa Morogoro, akiwa njiani kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo kitivo chetu kikawa chuo kikuu kamili na kupewa jina lake. Mahali pale palianza mwaka 1965 kama chuo cha kilimo cha stashahada, baadaye pakawa kitivo, na sasa palibeba jina la kiongozi ambaye nchi nzima ilikuwa ikimlilia. Wengi wetu tulilipokea jina lile kama wajibu. Tulijua chuo chenye jina hilo hakitaeleweka kikijifungia ndani ya uzio wake.

Mambo mazuri yaliyofuata naona fahari kuyasimulia. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa mifugo wa chuo walipeleka Mgeta mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway. Kata za Nyandira na Tchenzema zina baridi inayowafaa mbuzi wale, na mashamba ya huko ni madogo mno kwa ng'ombe. Karatasi za mradi zilizungumzia lishe, kwamba watoto watapata maziwa. Watoto walipata maziwa kweli. Lakini mkulima wa Mgeta aliona pia kitu cha pili, samadi. Mboga zinakula udongo, na mbolea ya dukani hupandishwa mlima kwa gharama. Mbuzi anayelishwa bandani humpa mwenye shamba mbolea mlangoni pake, na majani ya kumlisha yanaweza kupandwa kwenye kingo za matuta, yakashika udongo kwa mizizi yake. Maziwa, samadi na tuta vikaungana vikawa mfumo mmoja, na sehemu kubwa ya muungano huo ilifanywa na wakulima wenyewe.

Mwaka 1993 chuo kikaanzisha mradi wa kuendeleza kilimo katika milima ya Uluguru, uliojulikana kwa kifupi chake, UMADEP. Mradi ule ulifanya kazi na vikundi, ukahimiza hifadhi ya udongo, ukasaidia watu kuweka na kukopa. Nawaomba wajukuu zangu walitazame jambo hilo kwa makini. Hifadhi ya udongo ilikuwa inarudi kwenye milima ambayo miongo minne nyuma ilimwaga damu kwa sababu ya hifadhi ya udongo. Safari hii haikuwa na polisi. Ilianzia kwenye swali: ninyi mnahangaika na nini? Mtu aliyejibu fedha, mkutano ulianza na fedha. Tuta lilikuja baadaye, likiwa limeombwa.

Maharage nayo yana somo lake. Wagunduzi wa mbegu wa SUA walitoa SUA 90, baadaye Rojo, kisha Pesa na Mshindi. Mtafiti akipima mbegu hutazama kwanza kilo kwa ekari na uwezo wa kuhimili magonjwa, na ana haki ya kufanya hivyo. Mama anayepika hutazama mambo mengine pia. Yanaiva kwa kuni ngapi? Mchuzi wake mzito au mwepesi? Majani yake yanalika kama mboga? Rangi yake itauzika sokoni? Mbegu inayoshinda kwenye kipando cha utafiti na kushindwa jikoni haiendi msimu wa tatu. Wataalamu wetu waliofanikiwa ni wale walioziweka mbegu mbele ya kinamama mapema, wakazipika, wakazila pamoja, na kuandika kila walichosikia.

Kule Mkindo, Mvomero, kwenye mashamba ya umwagiliaji, walimu wa SUA walileta kilimo shadidi cha mpunga. Mkulima aliyezoea kupandikiza miche mikubwa mingi kwa shimo moja, kwenye maji yaliyotuama, aliambiwa ahamishe mche ukiwa na siku 8 hadi 12 tu, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na ayaache maji yakauke kwa vipindi. Kwa mzee wa mpunga hayo ni maneno ya kutisha. Mche mchanga vile unaonekana kama utakufa kesho, na maji yakipungua magugu huja juu. Hotuba isingemshawishi mtu. Kilichoshawishi ni majaruba mawili yaliyolimwa kwa jirani, moja la zamani na moja la njia mpya, watu wakapita kila siku na kuona machipukizi yanavyoongezeka. Hata suala la magugu halikufichwa. Wakulima walilitaja, palizi ikapangwa upya, na baadaye wakulima wa Mkindo wakawa ndio wanaowafundisha wenzao wa skimu nyingine.

Hivyo ndivyo ugani unavyofanya kazi unapofanya kazi. Lakini nimeishi kuona pia unavyonyauka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nchi ilipokea kwa mkopo wa Benki ya Dunia mfumo wa mafunzo na ziara, ambamo bwana shamba alipewa ujumbe wa kufikisha kila baada ya majuma mawili kwa wakulima wachache waliochaguliwa, nao wausambaze kwa wengine. Ulikuwa na nidhamu, na wengi wetu tulipata baiskeli na pikipiki kwa mara ya kwanza. Kasoro yake ilikuwa kwamba ujumbe ulishuka tu kutoka juu, na ulikuwa uleule bondeni na mlimani. Fedha zilipokoma, ziara zikakoma. Wakati huohuo ruzuku za pembejeo zilikuwa zimeondolewa, watumishi walipunguzwa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ugani ukakabidhiwa kwa halmashauri ambazo nyingi hazikuwa na fedha za mafuta. Kuna kata zilizokaa miaka bila mtaalamu. Mkulima akahamia kwa muuza duka la pembejeo, ambaye humshauri anunue kilichopo rafuni.

Pengo lile chuo kikuu hakikuweza kulijaza, na hakikuwa na wajibu wa kulijaza lote. Bwana shamba wa kata ni mtumishi wa serikali, na chuo hakiwezi kuajiri mtu kila kijiji. Kazi ya chuo ni kuwa nyuma yake. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara. Sumu ile haionekani kwa macho, haina ladha, na mkulima mwenye uzoefu wa maisha yake yote hawezi kuitambua kwa kuitazama tu. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi, wadudu waliotoka mabara ya Amerika, wakaingia kwenye mahindi yetu, na hakuna mzee aliyekuwa na dawa ya jadi ya mdudu ambaye babu zake hawakumwona. Siku kama hizo nchi inahitaji maabara, darubini na watu waliosoma sana. Anayedharau elimu ya chuo kwa sababu eti mkulima anajua kila kitu hamtakii mkulima mema.

Ninyi wa leo mna bahati tusiyoipata. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aligawa pikipiki kwa maelfu ya maafisa ugani. Mna redio ya chuo, SUA FM. Mna simu zinazopiga picha ya jani lenye ugonjwa na kuituma kwa mwalimu wenu kabla chai haijapoa. Mkulima naye ana simu, na mara nyingi amekwisha kusikia ushauri wa watu watatu wanaopingana kabla hamjafika. Kwa hiyo habari peke yake haiwapi tena thamani. Anachotafuta ni mtu wa kumwamini, atakayelitazama shamba lake hasa, na atakayekuwapo ushauri ukienda mrama.

Jambo linaloniumiza ni dodoso. Kila mwaka vijana wa shahada hupanda milimani wakiwa na kurasa za maswali. Mama huacha jembe, huweka mkeka kivulini, hujibu ana watoto wangapi, anavuna magunia mangapi, anakopa kwa nani. Kijana hushukuru, huondoka, huandika tasnifu kwa Kiingereza, hupewa shahada. Tasnifu inakaa maktabani, umbali wa saa chache tu kutoka kwa mama yule, naye hataisikia kamwe. Mwaka unaofuata anakuja kijana mwingine na maswali yaleyale. Wahenga walisema mchimba kisima hakatazwi maji. Wakulima wa Morogoro wamechimba kisima cha usomi wetu kwa zaidi ya nusu karne, na wengi wao bado hawajaonja.

Naomba mambo matatu, na yote yanawezekana bila mfadhili. La kwanza, mwanafunzi aliyekusanya taarifa zake kijijini asitunukiwe shahada mpaka amerudi kuzisoma kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, mbele ya watu waliomjibu, na mtendaji wa kijiji athibitishe hivyo kwa muhuri. Kijana atakayesahihishwa na mkutano ule atapata mtihani mkali kuliko wa wasahihishaji wake wa chuoni, na sayansi yake itakuwa bora.

La pili, mwalimu anapopandishwa cheo asihesabiwe makala za majarida pekee. Mbegu iliyokubalika jikoni, skimu iliyobadili palizi yake, afisa ugani wa kata anayejua ampigie nani usiku anapoona mdudu asiyemfahamu: hizo nazo ni kazi za usomi, na anayezifanya kwa miaka kumi anastahili kiti cha mbele kama mwenzake wa maabara.

La tatu, mafunzo kwa vitendo yafungwe na vijiji vya kudumu. Kundi la mwaka huu liwaachie wa mwaka ujao daftari la kijiji: waliuliza nini, tuliahidi nini, tumeshindwa wapi. Mkulima asianze upya kujieleza kila wanafunzi wanapobadilika. Kijana akikuta ahadi ya mtangulizi wake haijatimizwa, aanze na hiyo.

Wajukuu zangu, hamkuhamisha watu kwenye vijiji wala hamkutoza faini kwa ekari. Mnaingia kijijini bila mzigo tuliobeba sisi, na watu wa Uluguru ni wakarimu, watawapa mkeka na maswali. Msiyachukue maswali hayo kama mnachuma matunda ya porini yasiyo na mwenyewe. Mwaka 2034 chuo chetu kitatimiza miaka 50. Kutakuwa na hotuba, maandamano ya majoho na wageni kutoka nchi nyingi. Kabla ya sherehe hizo, walimu na wanafunzi wapande Nyandira, waende Matombo, waende Mkindo, waitishe mkutano wa kijiji na kuuliza wazi: katika yote tuliyowauliza kwa miaka hii, ni yapi tuliyowarudishia majibu? Majibu ya mikutano ile yasomwe kwa sauti siku ya kilele, mbele ya wageni wote, na mipango ya miaka 50 inayofuata ianzie hapo.